Maganda yang'ara, maji yabaki na sumu

Ukishuka ngazi za nyumba moja mjini Columbus, jimbo la Ohio, siku ya Jumamosi alasiri, sauti ya kwanza utakayoisikia si ya televisheni wala ya watoto. Ni mngurumo wa taratibu unaojirudia, kama kokoto ndani ya pipa linalosukumwa barabarani. Tulipoufuata mngurumo huo tulikuta pipa dogo lenye utando wa mpira ndani, la kutosha kuwekwa juu ya meza, likizungushwa na mota ya umeme. Ndani yake mlikuwa na maji, sabuni ya kuoshea vyombo, pini za chuma zisizo na idadi, na maganda ya risasi mia mbili na ushei.

Mwenyeji wetu ni Mzanzibari mwenzetu, baba wa watoto watatu, na amekuwa raia wa Marekani kwa miaka mingi sasa. Kwa heshima ya familia yake hatutamtaja jina. Kazi yake ni kufagia na kutunza ukumbi wa kulenga shabaha, na kwa ruhusa ya mwajiri wake huchukua sehemu ya maganda yanayoachwa sakafuni. Akishayasafisha, mengine huyatumia mwenyewe kujazia risasi za mazoezi, na mengine huwauzia watu wenye mapenzi ya kazi hiyo.

Tulimtembelea kwa udadisi tu. Tulitaka kujua kwa nini mtu mzima ahangaike kuosha ganda tupu kama anayeosha vikombe vya Sikukuu. Tulipoondoka tulikuwa tumejifunza jambo jingine kabisa, nalo ni kwamba pipa lile lilinunuliwa kwa sababu ya damu ya mtoto.

GANDA HALITUPWI

Kwa faida ya wasomaji wetu, inafaa kueleza kwanza kwamba risasi moja ina sehemu nne. Kuna kichwa kinachoruka, baruti inayokisukuma, fataki iliyo kwenye kitako inayoiwasha baruti, na ganda linaloshika vyote hivyo pamoja. Bunduki ikilia, kichwa kinakwenda zake, baruti inaungua na fataki inakwisha kazi. Linalobaki ni ganda peke yake, na kwa kawaida hilo ndilo lenye gharama kubwa kuliko sehemu nyingine zote.

Maganda yanayotafutwa na wajazaji ni ya shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa kiasi cha asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki. Sifa ya shaba hii ni kwamba hutanuka kwa nguvu ya mlipuko ikaziba nyufa zote za chemba, kisha hurudi nyuma kidogo na kuachia. Kwa hiyo ganda moja linaweza kujazwa tena na tena, mara kadhaa, kabla halijachoka na kupasuka.

Nchini Marekani wapo watu wengi sana wanaojaza risasi zao wenyewe majumbani. Baadhi yao hufanya hivyo kwa kubana matumizi, wengine kwa kutafuta usahihi wa shabaha. Idadi yao huonekana zaidi wakati wa uhaba. Mwaka 2013, baada ya mauaji ya wanafunzi katika shule ya Sandy Hook, Connecticut, mwezi Disemba 2012, watu waliogopa sheria kali zaidi wakakimbilia madukani hadi rafu zikabaki tupu. Hali hiyo ilijirudia mwaka 2020 na 2021 wakati wa maradhi ya Korona. Aliyekuwa na ndoo ya maganda wakati ule alikuwa na mali.

Lakini ganda lililookotwa ni chafu. Ndani limejaa masizi, na nje limeshika mchanga na alama za vidole. Mchanga huo hukwaruza kile kifaa cha chuma kinacholirudisha ganda katika umbo lake, na masizi huficha ufa ambao ungeonekana mapema. Ndiyo maana linasafishwa kabla ya jambo jingine lolote.

NDIMU, MCHANGA NA MAJI

Waliokulia mwambao hawahitaji kufundishwa somo hili kutoka mwanzo. Nani kati yetu hajamwona mama au bibi akiyasugua masinia ya shaba siku mbili kabla ya harusi? Alichukua ndimu au ukwaju, akatia majivu au mchanga laini, akasugua, akasuuza. Wauza kahawa nao waliyasugua madele yao vivyo hivyo, na watumishi wa nyumba kubwa za Mji Mkongwe walizing'arisha njumu za milangoni. Ukali wa ndimu hula weusi wa shaba, mchanga hukwangua, na maji huchukua uchafu.

Pipa la Columbus linafanya kazi ile ile, ila mkono umepumzishwa. Mahali pa ndimu pana unga wa asidi ya ndimu, ule unaouzwa madukani kwa ajili ya mashine za kuoshea vyombo. Mahali pa mchanga pana pini za chuma kisichoshika kutu, kila moja ikiwa na urefu wa milimita 6 hivi na unene wa milimita moja na kidogo. Pini hiyo ni nyembamba kiasi cha kupenya mdomoni mwa ganda na kufika hata kwenye kitundu kilichokuwa na fataki, mahali ambapo kidole cha mtu hakiwezi kufika.

Mwenyeji wetu alitueleza vipimo vyake bila ya kuficha. Hutia kiasi cha kilo mbili na robo za pini, maganda yasiyozidi kilo moja, maji ya baridi karibu lita nne, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni, na robo ya kijiko cha chai ya asidi. Zaidi ya hapo asidi huichokoza zinki, na shaba ya njano ikatoka nyekundu kama iliyoungua. Kabla ya kuyatia maganda pipani huzing'oa fataki zilizokwisha kwa kifaa cha mkono, kwa sababu ukiosha ganda na fataki yake ndani, maji hujificha humo na uchafu wa mahali pale hautoki.

Pipa huzunguka saa tatu au nne. Kisha humwagwa kwenye kung'uto, maganda yakatikiswa ndani ya maji safi ili pini zidondoke, na zile zilizotawanyika zikaokotwa kwa sumaku. Usione vyaelea, vimeundwa! Maganda tuliyoyaona yakitoka mle yalikuwa yaking'ara ndani na nje kama pete za dukani, na mtu angeapa kuwa hayajawahi kuguswa na moto.

JINA MOJA, VITU VIWILI

Hapa ndipo ilipo nukta tuliyokusudia kuifikisha. Lugha yetu ina neno moja, risasi, kwa vitu viwili: kile kinachotoka kwenye mtutu, na yale madini mazito ya kijivu ambayo tangu zamani yalitumika kukitengenezea. Neno hilo tulilichukua kwa Waarabu pamoja na madini yenyewe. Kwa hiyo Mswahili anapotaja risasi amekwisha kutaja sumu, hata kama hakukusudia.

Na sumu hiyo haiko kwenye kichwa peke yake. Fataki nyingi zina kemikali iliyotengenezwa kwa madini hayo hayo ya risasi. Kila mlio mmoja huacha vumbi jepesi sana, ambalo hutua mikononi, kwenye nguo, sakafuni, na ndani ya lile ganda linalookotwa. Vumbi hilo halina harufu wala halimwashi mtu.

Kabla ya kununua pipa la maji, mwenyeji wetu alikuwa na mashine ya kukausha na kutikisa. Hiyo ni bakuli inayotetemeka, na ndani yake hutiwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa au maganda magumu ya jozi. Husafisha vizuri, lakini kila ukifunua kifuniko vumbi huruka, na kila ukichekecha huruka zaidi. Yeye aliiweka katika chumba cha kufulia, pembeni mwa kapu la nguo za watoto. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza.

Mtoto wake wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza ametimiza mwaka mmoja, yuko katika umri wa kutambaa na kutia kila kitu mdomoni. Watoto wengi wa familia zenye kipato kidogo nchini Marekani hupimwa damu kwa ajili ya madini ya risasi wanapofikia miezi 12 na tena miezi 24. Kipimo cha mtoto yule kilirudi na mikrogramu 7 kwa desilita moja ya damu. Tangu mwaka 2021 kituo cha taifa cha kudhibiti maradhi, CDC, kinahesabu mikrogramu 3.5 kuwa ni kiwango cha kuchukuliwa hatua, na kinasema wazi kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Nesi aliyewapigia simu aliuliza maswali kwa mpangilio. Nyumba imejengwa lini, kabla au baada ya 1978, mwaka ambao rangi za ukutani zenye risasi zilipigwa marufuku? Je, mtoto hupakwa wanja ulioletwa kutoka nje? Mama mtu alishtuka, maana wanja upo na una historia ya kuwa na madini hayo, lakini yeye alikuwa hampaki. Viungo vya chakula vinanunuliwa wapi? Mwisho kabisa nesi akauliza kazi ya baba.

"Nilinyamaza kimya, ndugu yangu," alituambia. "Nilijua jibu kabla sijafungua mdomo."

Madini ya risasi huingia katika ubongo unaokua. Huathiri uwezo wa kujifunza, utulivu na tabia, na madhara yake mengine hayarudi nyuma. Dawa za kuitoa mwilini huanza kufikiriwa kipimo kinapofika 45 au zaidi. Chini ya hapo matibabu makubwa ni moja tu, nayo ni kuitafuta sumu ilipo na kuiondoa. Familia hii iliondoa bakuli la kutikisa, ikafuta kila sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, na baba akaanza kubadili viatu na nguo kazini kabla ya kupanda gari. Baada ya miezi kadhaa kipimo kilishuka hadi 4. Mtoto bado anafuatiliwa.

MAJI HAYAIFUTI RISASI

Faida ya kuosha kwa maji na pini ni kubwa: vumbi haliruki. Lakini isieleweke kuwa sumu imekwisha. Imehama tu kutoka kwenye ganda na kuingia ndani ya maji.

Tuliyaona maji hayo kwa macho yetu. Yaliingia meupe yakatoka ya kijivu kizito, karibu na weusi, yenye povu chafu juu yake. Tulikumbuka habari tuliyosomeshwa sote shuleni, ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambapo watu waliamini kwamba dawa ya maji ingezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Risasi hazikugeuka. Hata leo hazigeuki. Zikiingia majini hubaki kuwa risasi, zikisubiri mahali maji yatakapomwagwa.

Na wengi humwaga wapi? Wapo wanaomwaga kwenye sinki la jikoni, ambamo baadaye huoshwa mchicha. Wapo wanaomwaga uani, na Waswahili wengi wa ughaibuni wana vitalu vya mboga uani. Madini haya hayaozi wala hayanyauki. Yakishaingia ardhini hubaki kwenye tabaka la juu, mahali pale pale mtoto anapochezea, miaka na miaka.

Mwenyeji wetu huyatia maji yake kwenye ndoo zenye vifuniko na maandishi makubwa, kisha huzipeleka kwenye kituo cha kukusanya taka za sumu za majumbani. Kila eneo lina utaratibu wake, hivyo ni vizuri kupiga simu kwanza na kuuliza. Kung'uto lake halirudi jikoni. Huvaa glavu. Huyakausha maganda kwa kuyatandaza juu ya taulo kuukuu mbele ya feni, na taulo hilo halichanganywi na nguo za nyumbani. Wapo wanaotumia joto kuharakisha, lakini joni ya kuokea mkate wa ajemi si mahali pa kukaushia maganda, na joto kubwa huilainisha shaba ikakosa nguvu ya kuhimili mlipuko.

MAKOSA MENGINE

Yapo mambo mengine matatu ambayo anayefanya kazi hii hana budi kuyachunga.

La kwanza ni amonia, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo na madini. Waingereza walijifunza somo hili nchini India. Waliweka risasi zao katika mazizi ya farasi wakati wa masika, kisha wakazikuta maganda yamepasuka yenyewe bila ya kupigwa. Mwaka 1921 wataalamu walieleza sababu: amonia inayotoka kwenye mkojo wa farasi hushambulia shaba ya njano iliyokandamizwa kiwandani, ikafungua nyufa. Aliyetia amonia katika pipa lake anajitengenezea nyufa hizo hizo.

La pili ni pini kubaki ndani. Katika maganda yenye mdomo mwembamba pini mbili huweza kukwama ubavu kwa ubavu, na pini itakayosahauliwa itapita kwenye mtutu pamoja na kichwa cha risasi. Kila ganda lazima litazamwe kwa taa, moja baada ya jingine.

La tatu ni kudanganywa na mng'aro. Pipa husafisha ganda lakini haliliponyi. Lililo na ufa litatoka linang'ara na ufa wake.

TAHADHARI YA SHERIA

Hapa tunawaomba ndugu zetu wa Marekani wasome kwa makini. Sheria ya shirikisho ya nchi hiyo, inapofafanua neno linalojumlisha risasi, haiishii kwenye risasi kamili. Inataja pia maganda, fataki, vichwa na baruti. Na sheria hiyo hiyo inawakataza baadhi ya watu kumiliki vitu hivyo, wakiwemo wasiokuwa na hati halali za kuishi nchini, wengi wa wale walioingia kwa viza za muda, na waliowahi kuhukumiwa kwa makosa yanayoweza kufungwa zaidi ya mwaka mmoja. Kijana anayefanya kibarua cha kufagia ukumbi akatia maganda mfukoni anaweza kuwa anachezea ukaazi wake. Kabla hujabeba chochote, muulize mwanasheria.

Vile vile, kujaza risasi kwa matumizi yako mwenyewe ni jambo moja, na kuzitengeneza kwa biashara ni jambo jingine linalohitaji leseni ya serikali kuu. Na usimpelekee mtu nyumbani maganda kama zawadi ya pambo. Huko ganda lina maana nyingine.

MAGANDA YA KWETU

Maana hiyo tunaijua. Tarehe 27 Januari 2001, waandamanaji walipopigwa risasi Unguja na Pemba, sisi tulikuwa vijana ndiyo kwanza tumeanza uandishi. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2002, lilihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa, na watu wapatao 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Siku chache baada ya tukio tuliokota maganda mawili kando ya njia, tukayaficha ndani ya kibiriti. Tuliamini kwamba likikanushwa lolote, maganda yatasema.

Na kweli husema. Kitakoni huwa na alama za kiwanda na mara nyingi mwaka, na pini ya bunduki huacha kovu lake kwenye fataki. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa katika Kongo husoma alama hizo kufuatilia silaha zilikotoka. Lakini sisi tulikuwa wadogo na tulikuwa na hofu. Usiku wa kuondoka tulikitupa kile kibiriti baharini.

Tulimsimulia mwenyeji wetu habari hiyo. Akalichukua ganda moja linalong'ara, akaligeuza kitako, akatuonyesha kile kitundu kitupu: fataki imekwisha kung'olewa na kovu limekwenda nayo. Akasema yale ya kwetu yasingemfaa hata angeyapata, kwa sababu maganda mengi ya bunduki za AK ni ya chuma, si ya shaba, na fataki zake hazing'oleki kwa kifaa chake. Yale yanatumika mara moja tu.

Ilipofika Magharibi alizima mota, akamwaga maji ndani ya ndoo, akafunga kifuniko na kukikandamiza kwa goti. Mtoto alikuwa amekwisha kusikia kimya, amesimama juu ya ngazi nyuma ya kizuizi, amenyoosha mikono abebwe. Baba hakumbeba. Alimwambia asubiri, akavua glavu na aproni, akaenda kuosha mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akabadili shati. Ndipo akapanda.